Henderson Hakuwa Jaji

Ian Henderson hakuwahi kuwa jaji. Alikuwa polisi wa upelelezi, Mskoti kwa kuzaliwa aliyekulia Kenya na kukijua Kikuyu barabara, na kazi iliyomjengea jina ni kumwinda Dedan Kimathi katika misitu ya Nyandarua. Aliyemhukumu Kimathi ni mtu mwingine kabisa, Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, aliyeketi Nyeri mnamo Novemba 1956 pamoja na washauri watatu Waafrika. Lakini fungua Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Raphael Kahaso ya tamthilia waliyoiandika Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na kwenye kiti cha jaji utamkuta mzungu anayeitwa Shaw Henderson. Huyo huyo ndiye anayemfuata mshtakiwa selini na kujifanya mtu wa karibu, akimbembeleza asalimu amri. Ubembelezaji ukigonga mwamba, mateso nayo ni yake.

Wanafunzi ninaosoma nao tamthilia hii hapa Lanet waligundua jambo hilo wenyewe, na lilivyowafurahisha usiseme. "Mwalimu, hawa walidanganya," akasema msichana mmoja wa kidato cha tatu, kidole kikiwa bado juu ya ukurasa. Wenzake wakaangua kicheko, kisha wote wakanigeukia. Walitaka ama nimtetee Ngũgĩ ama nimkane.

Niliandika majina hayo mawili ubaoni, O'Connor na Henderson, nikawaambia tutafute waandishi walipata faida gani kwa kuwafanya watu wawili kuwa mtu mmoja, na walipoteza nini. Swali hilo lilitula wiki kadhaa, na sidhani tumelimaliza.

Kwa kawaida usuli wa kihistoria hutolewa shuleni kama dawa ya kumeza kabla ya chakula. Mwalimu anasimama, anataja kwamba Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, kwamba walowezi walitwaa ardhi, kwamba Mau Mau walikula kiapo wakaingia msituni. Wanafunzi wanaandika. Ukurasa unageuzwa, tamthilia inaanza, na usuli hautajwi tena mpaka swali la mtihani litakapouliza. Ile miongozo myembamba inayouzwa kwenye maduka ya vitabu mjini Nakuru imeukamilisha mtindo huo: usuli kurasa mbili, muhtasari wa kila onyesho, maudhui, wahusika na sifa zao, basi. Siwalaumu wanaoinunua. Mtihani ni mtihani. Lakini nimefika mahali pa kuamini kwamba usuli haufai kutangulia. Uje pale msomaji anapojikwaa, maana hapo ndipo anapouhitaji, na akiuhitaji atauchimba mwenyewe.

Bahati yetu ni kwamba Mzalendo Kimathi haimo kwenye orodha ya tamthilia teule. Madarasani wanasoma Bembea ya Maisha ya Timothy Arege na kuikariri ipasavyo. Huku kwenye klabu ya drama tunasoma bila alama, nakala chache zilizochakaa zikipita mkono kwa mkono, na yeyote akichoka anaruhusiwa kusema amechoka.

Tena Lanet si mahali pa kumsoma Kimathi kirahisi. Kuna kambi ya jeshi, kuna chuo kinachofunza maafisa wa jeshi la Kenya, na pembeni yake mitaa ya ploti inayozidi kutanuka juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya walowezi. Watoto wanaokaa mbele yangu wametoka kila pembe. Wapo wa wanajeshi, waliozaliwa Mombasa au Wajir wakasomea shule nyingine mbili kabla ya hii. Wapo ambao babu zao walinunua hisa kwenye kampuni za ardhi miaka ya sitini na sabini. Wapo waliofikishwa upande huu wa Nakuru na vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, wakiwa bado hawajazaliwa au wakiwa mgongoni. Ukisimama mbele ya kundi kama hilo na kusema "shujaa wetu Kimathi", kuna jicho litakalokuuliza huyo "sisi" ni nani. Mvulana mmoja ambaye kwao ni Ukambani aliniambia waziwazi kwamba babu yake mkubwa alikuwa askari wa Keya, na askari wa Keya walitumwa msituni kuwasaka watu wa Kimathi. Alisema bila aibu na bila kiburi, kama anayetaja kabila lake kwenye fomu.

Nilianza kuwavuta kwa barabara. Pale Lanet kuna njia inayoacha barabara kuu ya Nairobi, ikapanda kuelekea Dundori na kushukia Ol Kalou. Wanafunzi wanaijua kwa matatu na viazi. Mwaka 1952, kabla hajaingia msituni, Kimathi alikuwa katibu wa chama cha KAU katika tawi la Ol Kalou na Thomson's Falls, ambayo sasa ni Nyahururu. Yaani mtu huyo ambaye vitabu vinamweka Nyeri na juu ya mlima, siasa zake za chama alizifanyia upande wetu huu, kati ya maskwota wa mashamba ya wazungu. Maskwota ndio waliojaa Bonde la Ufa wakati ule, wakilima vipande walivyopimiwa kwa malipo ya jasho lao, na Hali ya Hatari ilipotangazwa walirundikwa kwenye malori na matreni kwa maelfu, wakarudishwa sehemu za Wakikuyu ambako wengi hawakuwa na hata pa kulala. Kituo cha reli cha Lanet hakikuwa mbali na mambo hayo. Baada ya kusikia hivyo walisoma onyesho la watu wanaopekuliwa na kupangwa foleni na askari kwa namna tofauti. Wakaacha kuigiza wazungu kwa sauti za kuchekesha.

Sasa turudi kwa jaji. Kumbukumbu za kesi ya Kimathi zilikaa muda mrefu bila kuonekana na wasomaji wa kawaida, hadi zilipochapishwa mwaka 2017 katika kitabu kilichohaririwa na Julie MacArthur, na dibaji yake ikaandikwa na Mũgo na Ngũgĩ wenyewe. Kisa, kwa ufupi, ni hiki. Kimathi alipigwa risasi mguuni na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi zake kinyume cha kanuni za Hali ya Hatari. Hakushtakiwa kwa uasi wala kwa kuua mtu. Kanuni zile ziliifanya silaha peke yake itoshe kwa kitanzi, na katika miaka ya vita hivyo serikali ya kikoloni iliwanyonga watu zaidi ya 1,000. Hukumu ilitolewa tarehe 27 Novemba. Rufani ikatupwa. Tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa Kamiti, akazikwa humo gerezani pasipo alama, na mpaka leo familia yake haijakabidhiwa mwili.

Kwenye tamthilia, mshtakiwa anasomewa mashtaka na hajibu. Anainyima mahakama hata neno la kukana, na anapozungumza, anazungumza kuikataa sheria yenyewe. Kwenye kumbukumbu, mshtakiwa alikana mashtaka, akatoa ushahidi wake, na utetezi wake ulikuwa kwamba alikuwa anatoka msituni ili ajisalimishe.

Hapo pakawa na kimya ambacho mwalimu yeyote angekitamani. Nilikuwa nimewachapishia sehemu hiyo kwa muhtasari wangu wa Kiswahili, na nilimwona mvulana mmoja akiisoma, akirudi kwenye tamthilia, akirudi tena kwenye karatasi. Mwishowe akauliza shujaa ni yupi kati ya hawa wawili. Swali zuri, na la hatari. Ukiwa na haraka utamjibu kwamba wa mahakamani ndiye wa kweli na wa jukwaani ni wa kubuni, na hapo utakuwa umemfunza kwamba karatasi ya serikali ndiyo ukweli. Wakoloni wangekushukuru.

Tukaisoma karatasi ile kama tunavyosoma tamthilia. Nani anazungumza? Mtu mwenye jeraha la risasi, mbele ya jaji anayeweza kumnyonga kwa bastola tu. Anamwambia nani? Mahakama ambayo njia moja tu ya kutoka ndani yake ukiwa hai ni kuishawishi kwamba ulikuwa unakuja kwa amani. Maneno yake yameandikwa na nani? Si na yeye. Msichana aliyesema waandishi walidanganya ndiye aliyesema pia kwamba hata huyu wa mahakamani anaigiza, ila yeye akikosea hawamzomei, wanamnyonga. Nilimwacha na sentensi yake. Ilikuwa bora kuliko niliyokuwa nimeandaa.

Wala sitaki kumfanya Kimathi wa kumbukumbu kuwa mwongo. Inawezekana alisema kweli. Msitu ulikuwa umemwishia kufikia 1956. Wapiganaji wengi walikuwa wamekufa au wamejisalimisha, na baadhi ya waliokuwa wenzake walitumiwa na Henderson kumsaka. Mtu anayekusudia kutoka kwa mazungumzo hapunguki hadhi machoni pangu. Anayepunguka ni yule Kimathi wa sanamu tu, asiyechoka wala kuogopa, na huyo mimi nimemchoka kidogo. Tamthilia inampenda mno, lazima tukubali. Kuna kurasa ambazo Kimathi anahutubia kana kwamba hana mwili, na waigizaji wadogo wanazisoma kwa sauti ya mkutano wa siasa kwa sababu hawana pengine pa kuzishika. Anayeshikika zaidi ni yule Mwanamke asiye na jina, mwenye bunduki iliyofichwa ndani ya mkate. Mkate kila mtoto anaujua uzito wake. Mpe mwigizaji mkate wenye kitu ndani, umwambie apite mbele ya askari, na utaona mabega yake yanavyobadilika kabla hajatamka lolote.

Ngũgĩ na Mũgo hawakuandika tamthilia yao kutoka kwenye kumbukumbu za mahakama. Walikwenda Karũnainĩ, nyumbani kwa Kimathi, wakazungumza na watu waliomjua na kusikia wanavyomkumbuka. Tamthilia ilipoonyeshwa Oktoba 1976 katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho, Nairobi, ilikuwa imebeba kile ambacho watu walikihifadhi, na watu hawahifadhi mambo ya mahakamani. Lakini mimi nadhani hata wangekuwa na kumbukumbu zote mezani, wangeandika walivyoandika. Kwa sababu mwaka waliokuwa wakiuandikia ni 1976, na huu ndio usuli wa pili ambao miongozo yetu huuruka.

Tuanzie hapa hapa Nakuru. Tarehe 12 Agosti 1963, miezi minne kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta alizungumza na wakulima wa kizungu katika ukumbi wa mji wa Nakuru, akawaomba wabaki, akasema yaliyopita yasamehewe na kusahauliwa. Ilikuwa hotuba ya busara kubwa kwa siku ile. Wengi walibaki, na nchi haikuwaka moto. Lakini kusahau kulikuwa na gharama yake, na waliotozwa hawakuwa ukumbini. Mau Mau iliendelea kuwa kundi lililopigwa marufuku kisheria hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Machi 1975, J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini aliyewahi kuwekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari na aliyekuwa akipiga kelele kuhusu ardhi na matajiri wapya, alipatikana ameuawa. Mwaka uliofuata ndipo Kimathi anapanda jukwaani, na wanaomtembelea selini kumrubuni, mwenye benki, mfanyabiashara, mwanasiasa, kasisi, ni watu ambao mtazamaji wa Nairobi alikuwa amepishana nao asubuhi ile barabarani.

Hata kupata ukumbi kulikuwa vita. Uongozi wa jumba uliipa tamthilia ya Kimathi na Betrayal in the City ya Francis Imbuga siku chache tu, zikiwa zimebanwa na maonyesho ya wageni kutoka Ulaya, ingawa hizo mbili ndizo zilizokuwa zimechaguliwa kuiwakilisha Kenya kwenye tamasha la sanaa la FESTAC huko Lagos mwaka 1977. Inasimuliwa kwamba watazamaji walitoka ukumbini wakicheza na kuimba hadi barabarani. Mwishoni mwa 1977 Ngũgĩ alikamatwa, akakaa Kamiti mwaka mzima, safari hiyo kwa sababu ya mchezo mwingine, ule wa Kikuyu wa Kamĩrĩĩthũ. Gereza lile lile alimonyongewa Kimathi.

Wanafunzi wangu hawakuona ajabu. Wao wana usuli wao wa karibu zaidi. Aprili 2025 tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule lilifanyika Nakuru, na tamthilia ya wasichana wa Butere, Echoes of War iliyoandikwa na Cleophas Malala, ikawa habari ya nchi nzima. Ilikuwa imeenguliwa, Mahakama Kuu ikaamuru irudishwe, na siku ya onyesho polisi wakarusha mabomu ya machozi nje ya uwanja wa tamasha. Wasichana wakaingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Shule hiyo hiyo ilikuwa imepitia hali ya kufanana mwaka 2013, Shackles of Doom ilipopigwa marufuku na mahakama ikairuhusu. Wengi wa wanaosoma nami walisikia milio ya siku ile ya 2025 au waliona video kabla ya giza kuingia. Kwa hiyo nilipowaeleza kuhusu 1976, hawakuuliza mchezo wa kuigiza una nguvu gani. Waliuliza nani alitoa amri.

Na hapo, kwa kuzunguka, tukarudi kwa Shaw Henderson. Nilikuwa nimewapa zoezi la jukwaani badala ya insha. Wiki moja tuliigiza kesi kwa watu wawili: mvulana mrefu akawa jaji, na mwingine akawa mgeni wa selini. Wiki iliyofuata mvulana mmoja akafanya zote mbili, akivua tu joho lililotengenezwa kwa shuka ya bwenini. Tofauti ilionekana hata na waliokuwa wakipita dirishani. Katika igizo la kwanza, jaji alikuwa mzee mchovu anayefuata sheria, na mtu angeweza kumhurumia. Katika la pili kila neno la sheria lilisikika kama neno la mwindaji, kwa sababu tulikuwa tumeuona uso wake ukitabasamu selini. "Jaji alikuwa ameshamkamata kabla ya kumsikiza," ndivyo msichana wetu alivyosema. Ukweli kuhusu O'Connor binafsi haumo katika tamthilia, na sina haja ya kudai ungekuwemo. Kilichomo ni dai kuhusu mfumo: kwamba polisi, mshawishi na jaji walitumia mkono mmoja. Unaweza kulipinga dai hilo. Lakini huwezi kulipinga kwa kusema tu kwamba Henderson hakuwa jaji.

Kuna kilichopotea, hata hivyo, na nilitaka wakione. Aliyempiga Kimathi risasi hakuwa Henderson. Alikuwa Ndirangu Mau, polisi Mwafrika, mtu wa Nyeri. Na wale washauri watatu wa jaji walikuwa Waafrika. Ukimpa mzungu mmoja kazi zote, hatia nayo inahamia kwake yote, na sisi tunabaki watazamaji wasafi. Waandishi walilijua hilo, nadhani, ndiyo maana sehemu ya mwisho ina mahakama nyingine: Kimathi kambini msituni akiwahukumu wasaliti, mmoja wao akiwa ndugu yake wa damu, na huruma yake inakuja kumponza. Ni sehemu yenye uzito kuliko zote, na ndiyo ambayo wanafunzi walipenda kuiruka. Historia ni kali zaidi ya tamthilia hapo. Kimathi wa msituni alihukumu, na watu walichapwa na kuuawa kwa amri yake. Hata waliopigana upande wake wameyasimulia hayo.

Sehemu hiyo nilikataa kuigeuza mjadala wa darasa. Katika chumba chenye watoto wa nyumba za wapiganaji, za walinzi wa serikali na za askari wa Keya, kumwambia mtoto asimame aseme babu yake alikuwa upande gani ni ukatili unaojiita elimu, na Nakuru ya 2008 haijawa mbali kiasi hicho. Niliwapa swali dogo la kwenda nalo nyumbani: ploti tunayoishi ilikuwa shamba la nani? Hilo kila bibi anaweza kulijibu akiwa anachambua maharagwe. Majibu yalirudi ya kila namna. Majina ya walowezi yaliyogeuzwa na midomo ya vizazi viwili hata hayatambuliki. Namba za kura za kampuni. Nyumba moja ilisema ni ya serikali, isiulizwe zaidi. Tukayabandika ukutani bila kuyasawazisha, na yanayopingana tukayaweka karibu. Mvulana wa Ukambani alileta jibu fupi kuliko wote: kwao ni nyumba ya kambi, na kambi haina mwenyewe. Wenzake wakamwambia kambi nayo ina historia.

Kweli inayo. Ndiyo kazi tunayoifanya sasa, na imetutoa kwa Kimathi kwa muda. Januari 1964 Afrika Mashariki ilitikisika kambi kwa kambi. Mapinduzi yalitokea Zanzibar tarehe 12. Tarehe 20 wanajeshi wa Tanganyika waliasi kambini Colito, Dar es Salaam. Tarehe 23 ikawa Jinja, Uganda. Usiku wa tarehe 24 ikawa Lanet, katika kikosi cha 11 cha Kenya Rifles, wiki sita tu baada ya bendera kupandishwa. Malalamiko yalifanana kote: mshahara, na maafisa wa Kiingereza waliokuwa bado wakiamuru jeshi la nchi huru. Wanajeshi wa Kiingereza wakaja kuuzima uasi wa Lanet. Askari mmoja Mkenya aliuawa. Wengine 43 wakafikishwa mbele ya mahakama za kijeshi, na kikosi chenyewe kikavunjwa. Ajabu ni kwamba Waziri Mkuu Kenyatta, aliyewaita Waingereza wamwokoe, alikuwa mfungwa wao miaka michache nyuma. Kwa mwandishi wa tamthilia, hapo pana chakula cha kutosha.

Nimewataka waandike onyesho moja tu: jioni ile, kabla ya ghala la silaha kuvunjwa. Askari walikuwa wakimngojea Kenyatta kwenye televisheni, wakitumaini atatangaza nyongeza ya mshahara, naye hakuonekana. Mwanahistoria Timothy Parsons, aliyeandika kitabu kizima juu ya maasi hayo ya 1964, anaona huenda hotuba ilitangazwa kwa redio tu katika sehemu hizi za Nakuru. Basi wanafunzi wamejikwaa tena. Nusu ya kundi wanataka televisheni imulike jukwaani ikionyesha vitu visivyohusiana, askari wakiitazama mpaka mmoja ainuke na kuizima. Wengine wanataka redio isikike kutoka chumba cha pili, sauti ya Waziri Mkuu ikizungumza kila kitu isipokuwa mshahara, na askari walio mbele ya televisheni wasijue kwamba hotuba waliyoingoja inapita ukutani.

Mimi naelemea upande wa redio. Niliwaambia, wakanipuuza, na nilifurahi kupuuzwa. Ubishi uliokuwa mkali zaidi uliletwa na mvulana wa kambini. Alisema televisheni au redio ni mamoja kwake, lakini Waziri Mkuu akianza kuzungumza, askari wale hawawezi kuwa wameketi. Wangesimama wima. Msichana akamwuliza wasimameje na wana hasira. Akajibu kwamba ndiyo maana ya kuwa askari, mtu husimama na hasira yake. Basi tukajaribu: vijana saba wakasimama kwa ukakamavu mbele ya kabati la vitabu lililokuwa televisheni yetu, na mmoja nyuma ya mlango akasoma hotuba tuliyoitunga, ndefu, yenye pongezi nyingi. Walivumilia dakika mbili hivi. Halafu wote wakaona kwamba hawajaandika ni nani kati ya hao saba atakayeketi wa kwanza, na wakaanza kugombania nafasi hiyo.